Sauti Katika Nchi ya Chai: Uchambuzi wa Amplifaya za Spika na Maiki za Simu

Mnunuzi wa simu ya kitufe katika masoko ya Litein, Sotik au Silibwet, aghalabu kabla hajaanza kuvutana na muuzaji juu ya bei, huuliza mambo mawili: kama betri yake yakaa, na kama spika yake yasikika, na ili kumridhisha katika hilo la pili, muuzaji hufungua redio ya simu, akaipandisha sauti mpaka mwisho, ikalia pale juu ya kioo cha meza kwa kishindo cha kuwageuza wapita njia. Mnunuzi huridhika, hulipa, huenda zake. Wala hastahili lawama, maana kipimo kingine hana. Lakini kipimo hicho chapima jambo moja tu kati ya mengi, nalo ndilo jepesi kuliko yote kwa mtengenezaji kulitimiza, ilhali yale yanayoifanya simu kuwa na manufaa au kuwa adha katika nchi ya mvua na mabonde kama Kericho na Bomet hayasikiki dukani asilani. Muradi wa maandishi haya ni kuitazama kadhia nzima ya saketi zinazokuza sauti ndani ya simu ya mkononi, ile ya spika na ile ya maiki, na kutoa rai ambayo nitajaribu kuithibitisha kwa hesabu: kwamba nguvu ya amplifaya si tatizo tena, na kwamba sauti huokolewa au hupotea katika ncha mbili ambazo mnunuzi hazioni, yaani katika milivolti chache zinazotoka kwenye maiki, na katika kijisanduku cha hewa kilicho nyuma ya spika.

Kwanza mahali penyewe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka haiko mbali na milimita 2,000, nayo hupenda kunyesha alasiri, pengine pamoja na mvua ya mawe ambayo imekuwa mashuhuri hata wataalamu, katika miaka ya 1960 na 1970, walijaribu kuizuia kwa ndege za kutia mawingu dawa. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na mvua inapoyapiga mabati hapana mazungumzo ya simu yawezayo kufanyika kwa sauti ya kawaida. Mchumaji wa chai hutoka alfajiri, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, na simu mfukoni chini ya plastiki ile, ambako jasho na umande hukutana. Huitumia kusikiliza Chamgei FM au Kass FM kwa spika, kwa kuwa wenzake wa safu ya jirani nao wanataka kusikia. Huitumia kupokea ujumbe wa M-Pesa. Na huitumia kupiga nyumbani kutoka bondeni, ilhali mnara wa simu, au busta kama watu wanavyouita, uko ng'ambo ya kilima. Kiwandani, majani yanaponyaushwa na kukatwakatwa, pana vumbi la chai na mngurumo wa mitambo usiokoma. Fauka ya hayo zimekuja mashine za kuchumia chai, zile zilizoleta ugomvi hata zikachomwa moto katika maandamano ya Mei 2023, ambazo injini zake hulia karibu kabisa na kichwa cha anayezishika. Haya yote hayamo katika chumba kitulivu cha maabara ambamo mhandisi wa Shenzhen, huko Uchina, huipimia simu aliyoibuni.

Sauti ya watu wa nchi hii ilianza kupita katika maiki zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyeizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet akarekodi wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uitwao Chemirocha, ambao ndani yake jina la mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, aliyesikika kwa santuri, limekuwa jina la kiumbe wa ajabu; rekodi hiyo ikaenda ulimwenguni, na zaidi ya miaka 60 ikapita kabla nakala haijarudishwa kwa watu wa Kapkatet. Hiyo ilikuwa mitambo ya kubebwa kwa gari. Ile simu ya waya iliyokuwa katika ofisi za mashamba enzi hizo, kwa upande wake, haikuwa na amplifaya hata moja ndani yake. Maiki yake ilikuwa kikopo cha punje za makaa, ambazo sauti ya msemaji ilizibana na kuzilegeza, na umeme uliokuja kwa waya kutoka kituo cha simu ukapanda na kushuka kwa kadiri hiyo. Na kwa kuwa umeme ule ulikuwa na nguvu nyingi kuliko pumzi ya mtu, maiki yenyewe ikawa ndiyo amplifaya. Taksiri yake ni kwamba punje zile hushikamana, hasa penye unyevu, na ndipo watu wakawa na mazoea ya kuugongagonga mkono wa simu kabla ya kusema. Simu ya mkononi iliiacha hekima ile ya kale kwa lazima, kwani haina kituo cha kuilisha umeme. Ina betri moja ndogo, na betri hiyo yapaswa kulisha kila kitu kwa pamoja. Katika neno hilo, kwa pamoja, ndimo mlimo na asili ya taabu nyingi nitakazozieleza.

Tuanze na spika, maadamu ndiyo inayoiuza simu. Betri ya lithiamu hutoa volti 4.2 ikijaa, huteremka polepole hadi karibu na 3.4 simu inapoelekea kuzimika, na wastani wake huhesabiwa kuwa 3.7, spika nayo aghalabu ina ukinzani wa omu 8. Ukiifunga spika upande mmoja kwenye amplifaya na upande wa pili kwenye hasi, kwa kupitia kapasita kubwa, kama zilivyofungwa redio nyingi za transista, mawimbi hayawezi kupanda zaidi ya nusu ya volti za betri, yaani 1.85, na nguvu kubwa kabisa ipatikanayo pasipo kukwaruza ni mraba wa 1.85 ukigawanywa kwa 16, yaani omu hizo mara mbili, ambayo ni kama wati 0.21. Ndiyo maana wabunifu waliiacha njia hiyo, wakatwaa amplifaya mbili na kuifunga spika katikati yake, moja ikivuta wakati nyingine inasukuma, kama wapasua mbao wawili walioshika ncha mbili za msumeno mmoja. Hapo mawimbi hupanda hadi volti zote 3.7, na kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa volti, wati 0.21 huwa 0.86, mara nne kamili, bila betri kuongezwa hata chembe. Na ile kapasita kubwa ikaondoka pamoja na gharama na nafasi yake. Msomaji anayetaka kuyahakikisha maneno haya na aitazame chipu ndogo iitwayo PAM8403, inayopatikana katika vispika vingi vya bei nafuu madukani: husifiwa kutoa wati 3 kila upande kwa spika ya omu 4 na umeme wa volti 5, na hesabu ile ile, mraba wa 5 ukigawanywa kwa 8, humpa 3.1. Hapana muujiza, pana volti na omu tu.

Kisha iko ikhtilafu ya namna transista zenyewe zinavyofanya kazi. Amplifaya ya daraja AB huziacha transista zake wazi nusunusu, zikiyafuata mawimbi ya sauti hatua kwa hatua, na sehemu ya umeme huishia kuwa joto. Hata katika nadharia haziwezi kupita asilimia 78.5 ya ufanisi, na kwa sauti ya kawaida, isiyofika kilele, huwa chini sana ya hapo. Amplifaya ya daraja D huzifungua na kuzifunga kabisa transista mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwa kuubadilisha urefu wa kila mfunguo huyachora mawimbi ya sauti. Ufanisi wake hufika asilimia 85 au 90. Kwa mtu mwenye umeme ukutani tofauti hiyo ni ya kitaalamu tu, lakini kwa yule anayeipeleka simu dukani kuchajiwa kwa malipo, ni tofauti ya siku nzima ya redio. Ajabu ni kwamba mchumaji wa chai, ambaye ndiye angefaidika zaidi na daraja D, mara nyingi haipati faida hiyo. Kule kufungua na kufunga kwa kasi hutoa mawimbi ya redio yasiyotakiwa, nayo huweza kuvuruga mpokeo wa FM ulio ndani ya simu ile ile, hasa stesheni inapopatikana kwa udhaifu bondeni. Kwa hiyo chipu nyingi za simu zimewekewa njia mbili, daraja D kwa nyimbo zilizohifadhiwa na daraja AB mara tu redio inapofunguliwa. Anayesikiliza stesheni ya lugha yake tangu alfajiri hadi jioni huwa, pasipo kujua, anatumia amplifaya ya kizamani.

Walakini hata tukiyajua haya yote, bado hatujaligusa lile ambalo sikio hulisikia. Sikio halihesabu wati. Kuongeza nguvu maradufu, kutoka wati 1 hadi 2, kwaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji asiyekitarajia hutambua kwa shida. Na ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu yahitajika nguvu ya takriban mara 10. Baadhi ya simu huwekewa saketi ya kupandisha volti za betri hadi 5, na matangazo yake hulisifu jambo hilo sana, lakini kutoka wati 0.86 hadi 1.56 ni desibeli 2.6, si zaidi. Sasa na tuilinganishe faida hiyo na kitu ambacho hakimo katika tangazo lolote. Hewa ya mita 2,000 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano, na utando wa spika unaotikisika kwa kadiri ile ile huitikisa hewa nyepesi kwa shinikizo dogo zaidi. Kwa hesabu, upungufu huo wakaribia desibeli 2. Maana yake ni kwamba safari ya simu kutoka pwani hadi Kericho huifuta karibu robo tatu ya faida iliyonunuliwa kwa saketi ya volti 5. Sisemi kwamba mtu atausikia upungufu huo kwa wazi. Nasema tu kwamba asiyeweza kuusikia huu hawezi kuisikia na ile faida.

Kinachosikika kwa hakika ni kijisanduku. Utando wa spika unaposukuma hewa mbele, nyuma yake hewa huvutwa, na hewa ya mbele ikipata njia ya kuzunguka kwenda nyuma huzimana na ya nyuma, hasa katika sauti nzito. Kwa hiyo spika ya simu hufungiwa chumba kidogo, pengine sentimita moja ya ujazo, na chumba hicho sharti kizibwe kwa mpira au sponji yenye gundi pasiache upenyo. Kwa udogo wake, chumba hiki hukaza mwendo wa utando, na spika nyingi za simu huanza kudhoofika chini ya hezi 800 au 1,000. Chumba kikivuja, hata hicho kidogo kilichobaki hupungua. Mafundi wengi hapa hubadilisha spika kwa ustadi, mita ikasoma omu 7 hivi, ambayo kwa spika ya omu 8 ndiyo dalili ya koili nzima, kisha wakafunga jalada bila kurudisha ile sponji iliyoraruka; mteja akarudi siku ya pili akilalamika kwamba spika mpya ni dhaifu kuliko ile ya zamani, na fundi akaapa kwamba ni nzima, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Sasa tuje kwenye maiki, ambayo hakuna mnunuzi anayeijaribu, kwa sababu iliyo bayana: mwenye simu hasikii maiki yake mwenyewe. Anayeisikia ni yule aliye upande wa pili, na yule huulaumu mtandao.

Maiki iliyotawala simu kwa muda mrefu ni ya elektreti, iliyobuniwa mwaka 1962 katika maabara za Bell huko Marekani na Gerhard Sessler, Mjerumani, pamoja na James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia ambaye jina lake lastahili kujulikana zaidi katika shule zetu. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme isiyotoka, na nyuma yake transista moja ndogo ya kuupokea mtikisiko wake. Transista hiyo hulishwa kwa volti 2 hivi kupitia rezista, kwa kawaida ya kilo-omu 2.2, na juu ya waya ule ule wa kulishia ndimo sauti inamopitia ikitoka. Mtu akisema kwa utaratibu, kinywa kikiwa sentimita chache kutoka kwenye maiki, kinachotoka ni kama milivolti 1 au 2. Tuishike hesabu hiyo.

Simu ya 2G haitumi mawimbi yake mfululizo. Hupewa zamu moja kati ya nane, hutuma kwa muda usiofika hata robo tatu ya elfu ya sekunde, kisha hunyamaza, ikirudia hivyo mara 217 kila sekunde. Hapana mtu Kenya asiyeujua mvumo uletwao na zamu hizo, maana ndio ule unaosikika katika redio iliyo mezani kabla simu haijaanza kulia. Katika kila zamu, simu ikituma kwa nguvu zake zote, betri hutakiwa kutoa ampea zinazokaribia 2 kwa ghafla. Na kwa kuwa betri na njia zake zina ukinzani wake, tuseme omu 0.15, volti zake huanguka kwa 0.3, yaani milivolti 300, na kupanda tena, mara 217 kwa sekunde. Hapo ndipo ilipo kadhia yote: sauti ya mama anayeuliza habari ya watoto ni milivolti 1, na mtikisiko wa umeme unaoilisha maiki yake ni 300. Saketi ya maiki, basi, kazi yake ya kwanza si kukuza. Kukuza mara 100 ni kazi ambayo transista mbili za senti chache zaiweza. Kazi yake ni kukataa.

Na adui huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya umeme wenyewe, na dawa yake ni kuuchuja kabla haujafika: rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 10 peke yake hupunguza mtikisiko wa hezi 217 kwa zaidi ya mara 13, na kidhibiti volti kizuri kilicho mbele yake hufanya kilichobaki, alimradi njia ya hasi ya maiki irudi kwenye chipu peke yake na isitumie kipande kimoja cha shaba pamoja na mkondo wa mtambo wa kutuma. Ya pili ni ya hewani. Mawimbi ya megahezi 900 au 1,800 hutoka kwenye antena, nayo mara nyingi iko chini ya simu, sentimita mbili tatu kutoka kwenye maiki; huingia katika waya wake, na ile transista ndogo iliyo ndani ya maiki huyageuza kuwa mvumo unaosikika, kwa tabia ile ile iliyowezesha redio za kwanza kupokea. Kwa hiyo wabunifu huweka kapasita ya pikofaradi 33 kwa ajili ya bendi ya 900 na nyingine ya pikofaradi 10 kwa ajili ya ile ya 1,800, zote mbili zikiwa zimegusana na maiki, kwa sababu kila milimita ya waya iliyoachwa kati yao ni antena. Kisha nyaya mbili za maiki huendeshwa sambamba hadi kwenye amplifaya inayokuza tofauti iliyo baina yake tu, hata mvumo ulioziingia zote mbili kwa kipimo kimoja ukafutika wenyewe. Kapasita hizo mbili, zikinunuliwa kwa wingi, hazifiki shilingi moja, na pamoja na hayo ndizo za kwanza kuachwa na mtengenezaji anayebana gharama, kwa kuwa simu isiyo nazo hufanya kazi bila kasoro maabarani.

Hufanya kazi vizuri na Kericho mjini. Mtandao huiamuru kila simu itume kwa nguvu ndogo kadiri inavyotosha, na karibu na mnara nguvu hiyo huteremka hadi miliwati chache. Lakini bondeni, ng'ambo ya kilima na nyuma ya misitu ya mikaratusi ambayo viwanda vya chai huipanda kwa ajili ya kuni, simu huamriwa kupanda hadi wati 2, mamia ya mara zaidi. Simu ile ile, maiki ile ile, mtu yule yule: mjini yu safi, mtoni Kiptiget anavuma. Fundi aliyeipima mezani pake Litein, mnara ukiwa mbele ya dirisha lake, hawezi kuiona kasoro hiyo, na mteja hawezi kumweleza, kwa kuwa naye hajaisikia. (Watu wengi husema kwamba ni mvua inayoharibu simu, na katika hilo wamekosea nusu. Mvua yenyewe haiyapunguzi mawimbi ya megahezi 900 kwa kiasi cha kujali. Inayoathirika ni mitambo ya minara inayosemezana kwa masafa ya juu sana, na umeme wa minara, ambao hukatika katika dhoruba. Mnara wa karibu ukizimika, simu huutafuta wa mbali, nguvu zikapanda, na mvumo ukaja pamoja na mvua.)

Jambo la lugha halitajwi katika vitabu vya uhandisi, nami naona lina uzito. Kikipsigis, kama ndugu zake wengine wa Kalenjin, ni lugha ya toni, na kwa kupanda au kushuka kwa sauti jina huweza kuonyesha kama ni la mtenda au la mtendwa. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400, ilhali kimo cha sauti ya mwanamume huwa hezi 100 na ushei, na cha mwanamke karibu na 200. Yaani toni zenyewe hazipiti kabisa. Husikika kwa sababu sikio ni fundi mkubwa: huzitwaa sauti ndogo za juu zinazoambatana na ile ya msingi, 400, 600, 800 na kuendelea, likapima nafasi iliyo baina yake, likaijenga upya ile iliyokosekana. Sasa mvumo wa simu nao una ngazi zake, 434, 651, 868, zilizosimama pembeni kabisa mwa ngazi za sauti ya mwanamke. Kelele nyingine huifunika sauti. Hii huvaa sura yake. Yamkini Mkipsigis huufidia upungufu huo kwa muktadha, kama tunavyofanya sote katika kelele, lakini ni mzigo ambao msemaji wa lugha isiyo na toni hatwishwi, na mbunifu anayesikiliza majaribio kwa Kiingereza au Kichina asitaraji kuugundua. Hata Kichina, kilicho na toni zake, hakitofautishi mtenda na mtendwa kwa njia hiyo.

Upunguzaji wa sauti nzito wenyewe, kwa upande mwingine, una faida yake, nao hufanywa kwa kusudi: kapasita ya nanofaradi 47 mbele ya rezista ya kilo-omu 10 hukata yaliyo chini ya hezi 340 hivi, na pamoja nayo hukatika sehemu ya upepo na mngurumo wa injini. Mvua ya mabati haikatiki kwa dawa hiyo, kwa kuwa sauti yake imeenea katika masafa yote. Yenyewe yahitaji maiki mbili na hesabu za chipu, anasa ambayo simu ya kitufe haina.

Spika na maiki, tulizozitenganisha kwa ajili ya maelezo, hukutana tena mtu anapozungumza kwa sauti ya wazi ili jamaa wote wasikie, desturi iliyoenea sana majumbani. Sauti ya spika huingia katika maiki iliyo sentimita 10 tu kutoka hapo, ikarudi kwa msemaji wa mbali baada ya kuchelewa njiani, naye akajisikia mwenyewe kama mwangwi. Chipu hujaribu kuufuta mwangwi huo kwa kuuhesabu: huijua sauti iliyotumwa kwenye spika, hivyo huitoa katika ile iliyopokewa. Lakini hesabu hiyo husimama juu ya sharti moja, kwamba spika ilie kile ilichopewa. Betri ikishuka hadi volti 3.4, wati 0.86 zimekuwa 0.72, vilele vya sauti hukatwa, jalada lililolegea hutatarika, na vitu hivyo havimo katika hesabu ya chipu. Hupita bila kufutwa. Ndipo tuonapo kwamba aliyeidhulumu spika kwa kuipandisha mpaka ikwaruze ameiharibu na maiki, asijue.

Tuitazame, basi, simu moja iliyofunguliwa juu ya meza ya fundi. Wavu wa maiki umezibwa na tope la kahawia, mchanganyiko wa jasho na vumbi la chai. Chini yake ule mpira wa kuziba umejikunja, na miguu ya kapasita ndogo imeshika kutu ya kijani. Fundi hupitisha brashi yenye spiriti, akapiga simu, akapima kwa mita: volti 2 zafika kwenye maiki, kwa hiyo njia ni nzima na maiki imekufa. Huichukua nyingine kutoka simu iliyokufa. Lakini pedi yake moja imeng'oka kwa joto la bloa, naye hupiga jampa, uzi wa shaba wa sentimita 4, ukazunguka ubao hadi kwenye chipu. Na ile kapasita yenye kutu, ambayo kwa macho yake haifanyi kazi yoyote, huing'oa ili isilete shoti. Anapiga tena simu: sauti ni safi, mteja analipa. Kwa mujibu wa elimu aliyopewa hakukosea popote, wala simwoni kuwa mvivu. Isipokuwa ameondoa mlinzi na kujenga antena, na siku mteja atakapopiga kutoka bondeni atakuwa anavuma.

Maiki mpya za silikoni, zilizoanza kuingia katika simu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimebadilisha baadhi ya haya: zastahimili joto la tanuru la kulehemu ambalo lingeiua chaji ya elektreti, na nyingi zina amplifaya yake ndani ya kijumba cha chuma. Kwa maji na uchafu haziko salama zaidi. Na fundi asiye na uzoefu akipuliza hewa ya moto kwenye kitundu chake ameiua.

Lililobaki ni nani hasa abuniye saketi hizi, na kama yuko Mkenya awezaye kuwa na sauti katika jambo hilo. Katika simu za bei ya chini, amplifaya za spika na za maiki zimo ndani ya chipu moja kuu, kama zile za MediaTek na Unisoc (zamani Spreadtrum), pamoja na redio, kidhibiti umeme na kila kitu. Hakuna anayechora transista tena isipokuwa kampuni ya chipu. Kiwanda kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kwa ushirika wa Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne ya Shenzhen, kama kile cha M-KOPA kilichoko Nairobi, huunganisha simu kutoka vipande vilivyobuniwa kwingine. Iko pia kampuni ya semikonda katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, na wapo wanaotamani kwamba kutoka huko itatoka siku moja chipu ya Kenya. Tamaa njema, lakini kwa kadhia yetu hii chipu si mahali pa kuanzia, kwani iliyopo tayari yatosha na kuzidi. Yanayobaki mkononi mwa anayeunganisha ni spika ipi iagizwe na chumba chake kizibwe vipi, mpira gani uwekwe mbele ya maiki, kapasita gani ziachwe au zisiachwe, na simu ijaribiwe wapi kabla ya kupitishwa. Mnunuzi mkubwa huweza kuyaandika hayo katika mkataba, na Shenzhen itayatimiza kwa tofauti ya shilingi chache kwa kila simu, maana huko hukubali sharti lolote lililopimika.

Na kupimika kwake hakuhitaji maabara kubwa. Mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Kabianga aweza kutwaa simu ya 2G yenye maiki ya elektreti, akashuka nayo bondeni mpaka alama za mtandao zikabaki moja, akapiga simu ya pili iliyowekwa chuoni kurekodi, akasoma aya kwa Kikipsigis, akahesabu wangapi kati ya wasikilizaji watawatambua mtenda na mtendwa. Kisha na alehemu kapasita ya pikofaradi 33 ikigusana na maiki, arudie. Halafu aisogeze hiyo hiyo sentimita 3 mbali, mwisho wa uzi wa shaba kama wa fundi wetu, arudie mara ya tatu pale pale, kwa betri ile ile, na kuzilinganisha rekodi zote tatu.